Kamera na Kidole Gumba: Runinga Imewafunza Nini Wapiga Gitaa Wetu?

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye hatakosa kumwona kijana aliyejikalia kando ya kibanda, gitaa pajani, simu imeegemezwa mbele yake kwenye jiwe au chupa ya maji. Macho yake yamo kwenye kioo cha simu na vidole vyake vimo nyuzini. Mwulize anajifunza nini, naye aghalabu atakutajia wimbo wa Eric Clapton, au wa kwaya ya ng'ambo, au wa muziki wa kantri ambao wakazi wa Trans Nzoia wameuenzi tangu enzi za Jim Reeves. Kisha mwombe akupigie wimbo mmoja tu wa George Mukabi. Atatabasamu kwa haya. Atakuambia kwamba jina hilo amelisikia, na kwamba babu yake alikuwa na sahani za santuri za Mukabi, ila mtindo wenyewe ni mgumu kuushika.

Mgumu kuliko nini? Makala haya yameandikwa kwa sababu ya jibu hilo. Mtindo wa Mukabi hauzidi ugumu wa Clapton. Tofauti iliyopo ni kwamba mkono wa Clapton kijana huyu ameuona, tena mara mia, na mkono wa Mukabi hajauona hata mara moja. Nadai kwamba maonyesho ya gitaa kavu katika runinga, yale yaliyokumbukwa na kuigwa, yaliwafunza wapiga gitaa kwa sababu moja kuu: kamera ilikubali kuutazama mkono. Nadai pia kwamba sisi wa magharibi mwa Kenya, tuliojaliwa mojawapo ya mitindo mizuri ya gitaa kavu barani Afrika, tutaupoteza mtindo huo iwapo kamera zetu zitaendelea kutazama nyuso na kuisahau mikono.

Tuanze kwa kumpa Mgala haki yake. Mnamo tarehe 16 Januari 1992, Eric Clapton aliketi kitini mbele ya hadhira ndogo katika studio za Bray nchini Uingereza, akarekodi onyesho la mfululizo wa MTV Unplugged, ambao kituo hicho cha Marekani kilikuwa kimeuanza mwaka wa 1989. Sharti la mfululizo huo lilikuwa dogo: mwanamuziki aliyezoeleka kwa gitaa la umeme aliweke kando, ashike gitaa kavu. Clapton alikipiga kibao chake cha zamani, "Layla", kwa mwendo wa taratibu uliowashangaza waliokijua. Akauimba pia "Tears in Heaven", wimbo aliotunga baada ya kufiwa na mwanawe mdogo mwaka wa 1991. Mwaka uliofuata alitia kibindoni tuzo 6 za Grammy. Mwaka wa 1995 kampuni ya Martin ilitengeneza magitaa 461 ya toleo maalumu lililobeba jina lake, kwa kuwa watu waliomwona kitini walitaka kushika kitu kama kile alichokishika.

Tarehe 18 Novemba 1993 ikawa zamu ya kundi la Nirvana mjini New York. Kurt Cobain, mpiga gitaa wa mkono wa kushoto, aliketi katikati ya mishumaa na maua meupe, akaimba kana kwamba anaaga. Miezi mitano baadaye alikuwa marehemu, na onyesho lile likageuka kuwa kumbukumbu yake. Gitaa alilolishika jioni hiyo liliuzwa mnadani mwezi Juni 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6. Kwa wale wanaoabudu neno "kavu", ni vyema wajue kwamba gitaa lile halikuwa kavu kabisa: lilipitishwa katika kikuza sauti kilichofichwa jukwaani ili kisionekane.

Kwetu maonyesho haya yalifika kwa kuchelewa na kwa njia za vichochoroni: kanda za video zilizonakiliwa hadi picha ikafifia, kaseti za mitaani, baadaye dishi za setilaiti, na hatimaye simu za mkononi. Hata hivyo yalifika. Hapana shaka yalifanya jambo jema. Yaliwaonyesha vijana kwamba mtu anaweza kuketi na gitaa moja, bila mashine za ngoma na bila taa za kumetameta, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Mpiga gitaa mmoja wa kanisani mjini Kitale aweza kukupigia mwanzo wa "Tears in Heaven" bila kukosea hata uzi mmoja, na wala hakwenda shule yoyote ya muziki. Shule yake ilikuwa kioo.

Hapa ndipo swali la msingi linapozuka. Ni nini hasa alichofunzwa na kioo hicho? Sauti ya wimbo angeipata redioni. Maneno angeyapata kwa rafiki. Kioo kilimpa kitu cha tatu kisichopatikana redioni wala kwa rafiki asiyepiga gitaa: kilimwonyesha kidole kipi kinagusa uzi upi, na kwa wakati gani.

Mfano bora wa jambo hili ni wa kale zaidi kuliko MTV. Mnamo miaka ya 1965 na 1966, mwimbaji wa Marekani Pete Seeger aliendesha kipindi cha runinga kilichoitwa Rainbow Quest. Vipindi 39 vilirekodiwa, vyote kwa rangi nyeusi na nyeupe na kwa fedha kidogo sana. Wageni waliketi mezani na Seeger kama watu waliotembeleana nyumbani. Miongoni mwao alikuwamo Mississippi John Hurt, na alikuwamo bibi mmoja mzaliwa wa North Carolina, Elizabeth Cotten. Bibi Cotten alitumia mkono wa kushoto. Hakubadilisha nyuzi, alilipindua tu gitaa la kawaida, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba zikawa juu. Matokeo yake ni kwamba kidole gumba, ambacho kwa wapigaji wengine hushika besi, kwake kilipiga sauti ya wimbo, navyo vidole vingine vikashika besi.

Mtu aliyemsikiliza Bibi Cotten katika santuri angeweza kukesha miaka kumi akitafuta siri ya mlio ule. Aliyemwona katika runinga alihitaji dakika tatu. Kamera haikufanya ufundi wowote wa ajabu. Ilikaa kimya, ikamtazama bibi akipiga. Ndiyo maana hadi leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, wanafunzi wa gitaa duniani kote huvirudia vipindi vile vya bei nafuu, ilhali maonyesho mengi ya gharama kubwa ya miaka ileile yamesahaulika.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya runinga, gitaa kavu la kuchezwa kwa vidole liliingia magharibi mwa Kenya kwa masikio. Mwaka wa 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi siku hizi. Mwenda, aliyezaliwa mwaka wa 1930, alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na bado ungedhani ni watu wawili wanaojibizana. Wimbo wake "Masanga" ulisambaa Afrika Mashariki na kwingineko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi kwa muda na kuwa na kipindi redioni. Mwenzake kutoka Katanga, Edouard Masengo, naye alifanya kazi zake hapa kwetu. Mwaka wa 1969 Mwenda alialikwa hadi tamasha la Newport nchini Marekani. Alifariki mwaka wa 1990.

Vijana wa Kakamega, Vihiga na Bungoma waliusikia mlio huo, wakauchukua, wakaufinyanga upya. Mtindo uliozaliwa uliitwa omutibo, na bingwa wake mkuu akawa George Mukabi wa Kakamega. Midundo yake ilikuwa ya ngoma za kwetu. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili chepesi, chenye mawaidha na kejeli, na kilichoeleweka kutoka Busia hadi Mombasa. Wakafuata wengine, akiwemo John Mwale, na kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Hawa watatu waliimba kwa magitaa makavu na chupa ya Fanta. Wasomaji wachanga wasicheke: chupa ile ya zamani ilikuwa na miraba, na ukiipitishia kipande cha chuma ilitoa mkwaruzo uliokamilisha mdundo. Rekodi zao zilitolewa Uingereza mwaka wa 1989 na mwaka wa 1992, na watu wa Ulaya wakastaajabu kwamba chupa ya soda ni ala.

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962. Mukabi alifariki mwaka wa 1963. Tarehe hizo mbili zinatosha kueleza kwa nini yeye ametuachia sauti, na Clapton ametuachia sauti pamoja na vidole. Mukabi hana wa kulaumiwa. Lakini miaka zaidi ya 60 imepita tangu wakati huo, na wapigaji wa mtindo wake waliendelea kuishi miongoni mwetu: sokoni, katika arusi, kwenye mabaraza ya jioni. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliurithi mtindo wa babake. Mahali pa kuupata mkono huo palikuwapo.

Niruhusiwe kutoa ushuhuda mfupi wa kibinafsi kwa kuwa hoja inaudai. Nilijaribu kujifunza "Sengula" ya Mukabi kwa kusikiliza rekodi peke yake. Nilirudia mara nyingi hata wenzangu bwenini wakanisihi nihurumie usingizi wao. Niliusikia mlio wa juu, nikausikia wa chini, nikaona hapana budi vidole vinne vinafanya kazi pamoja. Nikavitumia vinne. Wimbo ukatoka, lakini ulitoka kama mtu asomaye barua ya mapenzi kwa sauti ya karani wa mahakama. Baadaye, wakati wa likizo, nilimtembelea mzee mmoja karibu na soko la Chwele, nikampigia. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, vidole hivi vyote umevialika wapi? Hii ni arusi ya watu wawili." Akalichukua gitaa, akafunga kipande cha penseli shingoni mwake kwa utepe wa mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti, akapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba lilitembea bila kusita kama mtu aendaye sokoni, na shahada ikawa inamrukiarukia pembeni kama mtoto aliyefuatana na mama.

Sikuhitaji maelezo zaidi. Kile ambacho masikio yangu yalikitafuta mwaka mzima, macho yalikipata kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba vijana wetu wameupuuza mtindo wa kwao kwa kupenda vya wageni. Wengi wao hawajaonyeshwa, basi.

Najua kuna pingamizi, tena ni pingamizi la maana. Baadhi ya wenzangu chamani wamenijibu hivi: kama Mukabi na wenziwe wangemwona Mwenda katika runinga kila jioni, si wangemwiga kidole kwa kidole? Omutibo usingezaliwa. Ulizaliwa kwa sababu walisikia nusu, wakajaza nusu iliyobaki kwa akili zao na kwa midundo ya nyumbani. Kutoona ndiko kulikowapa uhuru. Kwa hiyo, wanasema, acha vijana wasikilize, wakosee, na kutokana na makosa yao uzaliwe mtindo mpya. Kamera ni mwalimu mkali asiyeruhusu kosa, na mwanafunzi wake huishia kuwa kivuli.

Hoja hii ina uzito na siibezi. Kwa kweli inaeleza kilichowapata vijana wengi waliojifunza kwa Clapton: wanapiga sawasawa, na hujui kama mpigaji ni wa Kitale au wa Birmingham. Lakini inasahau jambo moja. Vijana wa miaka ya 1950 hawakusikiliza katika upweke. Waliusikia mlio wa Katanga redioni, kisha wakatoka nje wakamtazama jirani. Jirani alikuwa na gitaa, au alikuwa na litungu. Yeyote aliyelelewa Bungoma anafahamu kwamba litungu la Wabukusu, lenye nyuzi saba, limekuwa mwalimu wa vidole vya watu kabla ya gitaa kufika. Sauti ilitoka mbali, mkono ukatoka karibu, na kutokana na ndoa hiyo ya mbali na karibu ukapatikana mtindo mpya.

Jirani huyo leo yuko wapi? Katika matanga ambako mpiga litungu au mpiga gitaa angewakesha waombolezaji, mahali pengi sasa ni vipaza sauti na disko matanga, hadi serikali imelazimika kupiga marufuku mara kwa mara. Katika arusi kuna mcheza santuri mwenye kompyuta. Kanisani kuna kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Sisemi vitu hivi ni vibaya vyote. Nasema kwamba vimeiondoa mikono mbele ya macho ya watoto. Kioo cha simu na cha runinga kimekikalia kiti cha jirani. Kwa hiyo swali halihusu tena kama vijana wajifunze kwa kutazama au kwa kusikiliza. Watatazama tu, tupende tusipende. Swali ni nani atakayekaa upande wa pili wa kioo. Akiwa ni mtu wa Uingereza peke yake, mkono utakaokua Webuye utakuwa wa Uingereza. Wakiwa wawili, yule na mzee wa Chwele, huenda ndoa ya mbali na karibu ikafungwa tena, na kizazi hiki nacho kikazaa omutibo wake.

Runinga zetu basi zimefanya nini? Tuseme ukweli bila kumtaja mtu. Mtazame mpiga gitaa katika kipindi cha burudani cha kawaida nchini. Kwanza, mara nyingi hapigi: sauti inatoka katika rekodi, naye anajifanya kupiga. Mwanafunzi anayemtazama ni kama anayejifunza kuogelea kwa kumtazama mtu aliyelala mchangani akirusha mikono. Pili, hata anapopiga kweli, kamera humtazama usoni, kisha huwaendea wachezaji, kisha hadhira inayopiga makofi, kisha humrudia usoni. Mkono ukionekana, huonekana kwa nukta tatu, na aghalabu ni ule wa kushoto unaobana nyuzi. Ule wa kulia, wenye siri yote ya omutibo, umefunikwa na maandishi ya jina la mdhamini. Tatu, hapana anayemuuliza neno kuhusu ufundi wake. Ataulizwa changamoto alizopitia, atatoa ushauri kwa vijana, na kipindi kitakwisha.

Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, alipiga picha za filamu za wapiga gitaa wa Afrika wanaocheza kwa vidole kati ya mwaka wa 1966 na wa 1993, na kanda ya video ikatolewa kutokana na kazi hiyo. Humo mna Mwenda mwenyewe, na mna wapigaji kutoka Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Malawi, Namibia na Zambia. Nchi ya Mukabi haimo. Uganda imo, hapo tu ng'ambo ya Malaba, mwendo mfupi kutoka Bungoma. Simlaumu Kubik, alifika alikofika. Nasi tuliokuwa hapa wakati wote, wenye kituo cha taifa cha runinga tangu mwaka wa 1962, tumngojee nani? Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika miaka miwili tu, 2000 na 2001, nchi hii iliwazika Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka. Kila mmoja aliondoka na jozi yake ya mikono.

Ni haki kukiri kwamba wapo walioamka. Asasi ya Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, imefanya kazi ya kupigiwa mfano tangu mwaka wa 2007 kwa kurekodi na kuandika historia ya muziki wetu, na mradi wa Singing Wells ulioanza mwaka wa 2011 umezunguka vijijini ukiwarekodi wanamuziki kwa sauti na kwa picha papo hapo walipo. Kazi hizo zinaonyesha kwamba jambo linawezekana. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na asasi chache haziwezi kubeba mzigo wa taifa zima.

Msomaji aweza kuuliza: haya yote yanakihusu nini chama cha Kiswahili? Yanakihusu sana. Kwanza, gitaa kavu lilikuwa mojawapo ya magari makubwa yaliyokieneza Kiswahili bara. Mukabi na Mwale hawakuzaliwa katika mwambao, na Mwenda alikuwa mtu wa Katanga, lakini walichagua kuimba kwa lugha hii, na mkulima wa Kimilili akawa anamsikia mtu wa Likasi na kumwelewa. Pili, katika masomo ya fasihi simulizi tunafunzwa kwamba uhai wa kazi ni utendaji wake. Tunakariri hivyo mtihanini, kisha tunachukua wimbo, tunaunakili maneno, tunaugawa beti, tunahesabu takriri na jazanda, na tunauita uchambuzi. Katika omutibo gitaa si usindikizaji. Mwimbaji hunyamaza katikati ya sentensi na gitaa likaimalizia. Wasikilizaji hucheka kwa sababu wameelewa lilichosema. Anayechambua maneno peke yake amesikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu.

Tatu, tuna upungufu wa istilahi. Jaribu kueleza kwa Kiswahili sanifu namna mzee wa Chwele alivyopiga, nawe utajikuta unakimbilia Kiingereza kila baada ya neno la tatu. Wapigaji wenyewe wana maneno: husema gumba linatembea, shahada inajibu, nyuzi zimelegezwa, gitaa limefungwa penseli. Hayo ni maneno hai yanayongoja kuokotwa, na atakayeyaokota kwanza ni yule atakayekaa na wapigaji akawatazama.

Mapendekezo yangu ni manne. La kwanza ni kwa vituo vya runinga, vya taifa na vya maeneo. Tangu matangazo ya analogia yalipozimwa mwaka wa 2015, masafa si tatizo kama zamani. Tengeni nusu saa kwa juma. Mwekeni mpigaji mmoja kitini, kamera mbili tu, na moja isiondoke kwenye mkono wa kulia hadi wimbo uishe. Asiigize juu ya rekodi. Kabla ya kupiga, aulizwe amelinganishaje nyuzi zake. Rainbow Quest haikuhitaji zaidi ya hayo.

La pili ni kwa serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka serikali iukuze. Kitale ina jumba la makumbusho ambalo chanzo chake ni mkusanyiko ulioanzishwa mwaka wa 1926, na lililofunguliwa rasmi kwa umma mwaka wa 1974. Nyumba za jadi zimo, zana zimo. Chumba kimoja chenye kioo ambapo mtoto wa shule ataona mkono wa mpiga litungu na wa mpiga gitaa, taratibu na karibu, si gharama ya kuvunja bajeti.

La tatu ni kwa yeyote atakayeshika kamera. Mzee alipwe. Jina lake liandikwe kikamilifu na la mtunzi wa wimbo pia. Aombwe ruhusa na aelezwe picha zitakwenda wapi. Wanamuziki wa kizazi cha Mukabi walirekodi nyimbo zilizowatajirisha wengine. Tusirudie dhuluma ile kwa jina la kuhifadhi utamaduni.

La nne ni letu sisi wanachama. Kila mmoja wetu ana simu yenye kamera kali kuliko ile iliyomnasa Bibi Cotten. Likizo ijayo, kabla ya kuitumia simu hiyo kujipiga picha mbele ya maporomoko ya Nabuyole, tumtafute mpigaji mmoja katika kata zetu. Tuiegemeze simu kwenye kigoda, tuielekeze kwenye mkono wake wa kulia, tuiache. Tusizungumze juu ya muziki unapopigwa. Kisha tumuulize kila kidole kinaitwaje na kinafanya nini, na majibu tuyaandike kwa Kiswahili. Picha na maneno hayo yaletwe chamani. Jarida hili liwe daftari lake.

Nimalizie pale nilipoanzia, kando ya barabara ya Kitale. Yule kijana mwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa hana kosa. Ana bidii, ana sikio, ana vidole kumi. Clapton ameketi mbele yake kila jioni kwa subira, akimwonyesha. Sitaki Clapton aondoke. Nataka tu siku moja, kijana akigusa kioo, aketi hapo mzee wa kwao, penseli imefungwa shingoni mwa gitaa, gumba linatembea. Mzee wa Chwele yu hai, na aliniambia niende tena wakati wowote. Nimeshapanga safari, na safari hii sitasahau kubeba kamera.